Mwani wa Kabatini

Mume wangu alinisahau jikoni, akanisahau chumbani, akanisahau hata mlangoni siku nilipomfungulia akitoka kunyolewa, akaniuliza kwa adabu mwenye nyumba yuko wapi. Mahali pamoja tu hakunisahau, napo palikuwa mbele ya tangi lake la samaki.

Nianze na tangi, maana bila tangi hamtaelewa nililolifanya.

Mzee wangu alifanya kazi miaka thelathini na moja katika maabara ya shule. Hakuwa mwalimu. Alikuwa yule mtu wa koti jeupe lenye madoa, anayeosha mirija ya kioo, anayepanga chupa kwa herufi, na anayemnong'oneza mwalimu mpya kwamba tindikali haimiminwi hivyo, mheshimiwa, utabaki bila nyusi. Alipostaafu walimpa hotuba na saa ya ukutani. Saa hatukuwahi kuitundika. Yeye alitaka kitu kinachopumua. Wakati huo tulikuwa tumeshahamia kwa mwanetu wa kwanza, fundi wa majokofu, anayekaa ghorofa ya pili na mkewe, muuza dawa. Basi mzee akajenga tangi la kioo sebuleni kwa mwanawe, refu kama mimi nikilala, akalijaza maji ya chumvi, mawe na matumbawe, na taa za buluu juu yake.

"Baba, pale mimi nilitaka kuweka kabati la vyombo," mkwe wangu alilalamika.

"Hili nalo ni kabati la vyombo, mwanangu," mzee akamjibu, "ila vyombo vyenyewe vinaogelea."

Samaki walikuwa saba. Mmoja wa njano, bapa kama sahani, tulimwita Karani kwa sababu alizunguka mawe kutwa nzima kama mtu anayekagua ofisi. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe waliitwa Maharusi, hawakuachana hata dakika moja. Wageni wakija walisimama pale midomo wazi. Wote walitazama juu. Mzee yeye alitazama chini.

Chini ya tangi kulikuwa na kabati, na ndani ya kabati kisanduku kingine cha kioo chenye taa yake isiyozimwa, na ndani ya kisanduku hicho alikuza mwani. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kigoda akanieleza. Maji ya juu yanashuka kwa bomba na uchafu wake wote, mabaki ya chakula na haja za samaki. Chini, mwani unakula ule uchafu na kunenepa, kisha pampu inayarudisha maji juu yakiwa safi. Ukikata mwani ukautupa, umetupa uchafu.

"Kwa hiyo kila Jumamosi unatoa takataka," nikamwambia.

"Kama waume wote," akasema.

Mimi niliishia shule ya msingi, na kwa sababu hiyo, tangu tulipooana, aliniita mwanafunzi. Tukigombana alisema, "Mwanafunzi, toka nje ya darasa," na mimi nikatoka kweli, nikaenda zangu sokoni nikarudi jioni. Mwani wake ulikuwa na majina marefu, kama ya magonjwa. Nilimwambia wazi kwamba kichwa changu hakina rafu ya majina hayo. "Basi upe wewe majina," akasema, akauinua wa kwanza, unaochuruzika maji, akanionyesha.

Mimi tangu utoto ni mtu wa vitendawili. Nikautazama, nikasema, "Kitendawili!"

"Tega."

"Nywele tele, kichwa hana."

Akacheka mpaka maji yakamwagika. Huo ukawa mwani wa nywele, ule uliojisokota kama donge la uzi wa kuvulia. Wa pili ulikuwa mwekundu wenye vijitawi vinene: vidole kumi vyekundu, havijashika kitu. Huo Karani aliupenda kuliko chakula cha dukani. Wa tatu ulikuwa mgumu, visahani vidogo vya kijani vilivyoungana kimoja juu ya kingine: vifungo vimeshonana, shati halipo. Na wa nne ulikuwa mzuri kuliko wote, uzi mrefu unaotambaa, na juu ya uzi vichane vya punje za kijani zinazong'aa. Nikasema, mashada kwenye kamba, ndege hawayajui. Mwani wa zabibu.

"Huo ndio mzuri na ndio mkorofi," mzee aliniambia. "Ni kama ndugu wa mume. Ukimpa chumba, anataka nyumba."

"Ndugu wa mume au ndugu wa mke?"

"Inategemea nani anasimulia."

Kisha akawa hacheki tena. Akanieleza kwamba mwani wa nywele unaweza kuukata hata kwa kisu butu, haudhuriki. Ule wa zabibu unatakiwa kupunguzwa kila wiki bila kukosa, na kwa mkasi. Unafuata uzi taratibu mpaka mwisho, unautoa mzima, huuvuti, huukamui, huuchani katikati. Ukiachwa ukazidi, au ukijeruhiwa hovyo, unaamua kuzaa na kufa siku hiyohiyo. Unapauka unakuwa kama kioo, unamwaga kila kilichokuwa ndani yake, maji yanageuka meupe na kukosa hewa. Samaki hawana pa kukimbilia.

"Umeelewa, mwanafunzi?"

"Nimeelewa."

Na kweli nilielewa. Nasema hivi ili mtu asije kunitetea baadaye kwamba sikujua.

Ugonjwa ulimjia kama mtu anayeingia nyumbani kwako kila siku na kuondoka na kitu kimoja. Kwanza alichukua majina ya vitu vidogo, kijiko kikawa "ile ya kukorogea". Kisha majina ya watu. Kisha njia ya kutoka dukani mpaka nyumbani. Daktari alitutajia jina la ugonjwa, mkwe wangu akaliandika kwenye kiganja. Hakutuandikia dawa ya kuurudisha nyuma, kwa sababu haipo.

Nikimpelekea chai kwenye kiti cha dirishani, mume wangu alinipokea kwa mikono miwili na kusema, "Asante sana, mama. Nyumbani kwenu hawajambo?" Nikimpelekea chai hiyohiyo akiwa mbele ya tangi, alionja na kusema, "Mwanafunzi, sukari umeisahau tena."

Sukari nilikuwa naiacha kwa makusudi, ili nisikie akinigombeza.

Basi mlielewe hili. Kwa wengine lile lilikuwa tangi la samaki. Kwangu mimi lilikuwa ndiyo nyumba niliyobaki nayo katika ndoa, upana wa kigoda kimoja na kiti kimoja. Likiondoka, nami nimeondoka.

Siku moja mzee alifungua bomba la kubadilisha maji akaenda kutafuta ndoo, njiani akasahau alichokuwa anatafuta, akajilaza. Maji yalifika mlangoni. Jirani wa chini, mama mmoja mwenye maneno, alipanda ngazi na taulo kichwani.

"Nimekuja kuuliza," alisema, "kama nyinyi mmehamia baharini. Maana mimi huko chini nimeshaanza kuota mapezi."

Tulimwomba radhi, tukamkaushia sakafu. Jioni mwanangu alinikalisha jikoni.

"Mama, pale pana nyaya na maji, na mtu asiyekumbuka. Kazi yangu ni umeme. Naujua."

"Amekosea mara moja tu."

"Mara moja inatosha kuua mtu. Nataka kulitoa."

Nilimsihi. Sikumwambia habari za chai na sukari, yapo mambo ambayo mama hamwambii mwanawe. Nilimwambia tu kwamba baba yake akinyang'anywa lile tangi atakwisha. Alizungusha kofia yake ya kazini mikononi.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini kila Jumamosi atakapokuwa anakata huo mwani wake, mimi nitasimama hapo nione. Siku akikosea tena, kosa moja tu, nalitoa siku hiyohiyo. Usinililie."

Ndipo vitendawili vikapata kazi mpya. Jumamosi asubuhi mzee anapiga magoti mbele ya kabati, mkasi mkononi, mwanangu ameegemea mlango amekunja mikono kama msimamizi wa mtihani, na mimi niko kwenye kigoda. Mzee anatazama ule ukijani wote, naona macho yake yanatangatanga, hajui aanzie wapi. Nasema kana kwamba nacheza tu, "Kitendawili!"

"Tega."

"Mashada kwenye kamba, ndege hawayajui."

Uso wake unarudi. "Zabibu," anasema, na mkono wake unakwenda wenyewe, unaufuata uzi taratibu mpaka mwisho, unakata, unautoa mzima kama mtu anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto.

"Nyinyi wazee mna mchezo," mwanangu alikuwa anasema, akitabasamu. Hakujua kwamba alikuwa anamtazama mtu akiibia majibu. Kwake yeye mwani wote ulikuwa kijani tu, isipokuwa ule mwekundu.

Tulikwenda hivyo miezi saba. Siku njema ilikuwa na chai mbili mbele ya tangi.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo nilitega, na hakikunasa kitu.

"Mashada kwenye kamba, ndege hawayajui," nilisema.

Mkasi ulisimama hewani. Akatazama, akatazama. "Nywele," akasema.

Nikakohoa. Nikarudia polepole, neno moja moja.

"Nywele, mwanafunzi. Leo umekuwa kiziwi?" Akaingiza mkono, akashika donge la mwani wa nywele, ule mpole usio na makuu, akakata nusu yake. Mwani wa zabibu akausogeza pembeni kwa kidole, kwa mapenzi, kama mtu anayempisha mgeni.

"Yuko sawa, mama?" mwanangu aliuliza kutoka mlangoni.

Lilikuwa neno dogo tu. Ningesema hapana, tungemsaidia, na tangi lingetoka siku hiyo. Mzee alikuwa amenigeukia, maji yanamtiririka viwikoni, ananisubiri nimsifu.

"Yuko sawa kabisa," nikasema.

Jumamosi iliyofuata alifanya vilevile, na iliyofuata vilevile, mpaka zikafika tano. Mwani wa nywele uliokuwa mkubwa kama kichwa ulibaki kama limau. Mwani wa zabibu ulijaa kisanduku, ukafunika ule wa vifungo, ukaanza kupanda kwenye bomba. Wageni waliochungulia walisema unapendeza kweli. Ulipendeza. Ulikuwa na kijani cha kukufanya umeze mate.

Nilijiambia nitaupunguza mwenyewe katikati ya wiki. Nilijaribu mara moja. Mzee alikuwa amesinzia kitini, nikafungua kabati polepole, nikaingiza mkasi, nikasikia nyuma yangu, "Kwa ruhusa ya nani?"

"Nasaidia tu, mzee wangu."

"Mnanifukuza kazi?" aliuliza. Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Miaka yote hii sijavunja hata mrija mmoja. Mwambie mkuu wa shule. Hata mmoja."

Nikaufunga mlango wa kabati. Nilimwambia hakuna anayemfukuza. Tangu siku hiyo alianza kuuficha mkasi.

Ijumaa ile niliona ncha za zabibu zimepauka. Si zote, chache tu, upande ule wa mbali na taa. Nilivaa miwani nikatazama tena. Punje zilikuwa wazi, unaona upande wa pili. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili.

Kwa bahati, nami siku hiyo niliiita bahati, mzee alikuwa na kliniki. Mwanangu aliomba ruhusa kazini akampeleka. Mkwe wangu alikuwa dukani kwake. Nilikuwa peke yangu nyumbani, na saa moja au zaidi kidogo mbele yangu.

Nilitafuta mkasi. Nilitafuta kwenye kabati, chini ya godoro, kwenye mifuko ya makoti, ndani ya sufuria, nyuma ya choo. Baadaye sana tuliukuta ndani ya kiatu chake cha kanisani. Nilikwenda jikoni nikachukua kisu, nikakirudisha, maana kwa kisu kule ndani ningekata mabomba. Dakika zilikuwa zinakwenda. Nikapiga magoti, nikakunja mikono ya gauni, nikaingiza mikono yangu miwili.

Mwanzoni nilijitahidi. Nilishika uzi mmoja nikaufuata. Lakini ulikuwa umefungamana na mwingine, na mwingine na mwingine, na vidole vyangu vina baridi yabisi, havisikii vitu vyembamba. Ukakatika. Nikashika mwingine, ukakatika. Ndipo nikasikia gari limesimama chini, mlango wa gari ukafungwa. Hatua zikapanda ngazi, na hatua za mwanangu nazijua tangu akiwa na miaka sita. Nilikamata mafungu kwa mafungu, nikavuta kama mtu anayeng'oa magugu shambani mvua ikija. Nilisikia punje zikipasuka kiganjani mwangu. Majimaji ya kijani yakatoka kati ya vidole.

Nilitia kila kitu kwenye mfuko wa takataka, nikafunga kabati, nikafuta sakafu kwa upindo wa gauni. Nikasimama jikoni nikikata vitunguu, ili macho yangu yawe na sababu.

Kumbe aliyepanda ngazi hakuwa mwanangu. Alikuwa jirani wa juu. Wao walikuja saa nzima baadaye. Ningekuwa na muda wote huo.

Usiku niliota nimesahau kitu, lakini nikiamka sijui ni kitu gani.

Jumamosi asubuhi nilitangulia sebuleni kufungua mapazia. Nilidhani mtu ametundika shuka jeupe mbele ya tangi. Maji yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele, na ukijani kidogo ndani yake, na taa za buluu zilikuwa zinajitahidi kupita. Ndani ya ule weupe niliona kitu cha njano juu kabisa, kimeinua mdomo. Karani. Alikuwa anameza hewa.

Nilipiga kelele. Nilikimbilia jikoni nikaleta upawa, nikaanza kukoroga maji kama mwendawazimu nikiamini nitayatia hewa. Mkwe wangu alitoka na kanga ya kulalia, akaona, hakuuliza kitu, akaleta ndoo akawa anachota na kumwaga kutoka juu, anachota na kumwaga. Mwanangu alitafuta mashine ndogo ya akiba ya kupulizia maji hewa. Ilikuwa kwenye boksi juu ya kabati la nguo, na waya wake ulikuwa mfupi. Alipopata waya mwingine, Karani alikuwa amelala ubavu. Maharusi niliwapata kwa upawa wangu mwenyewe, wameshikana kona moja, mmoja chini ya mwenzake.

Wote saba. Niliwapanga kwenye taulo.

Nilifungua kabati. Mwani wa zabibu haukuwepo. Palikuwa na maganda yake tu, meupe, matupu, yanaelea kama nailoni.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu na nguo za kulalia. Hatukumwona amefika saa ngapi. Alisogea, akainama, akaokota kipande cha lile ganda, akakiweka kwenye mwanga wa dirisha. Nikwambieni, uso wake ulikuwa uleule wa maabara. Miezi mingi sikuwa nimeuona ukiwa mzima namna ile.

"Umemwaga," alisema. "Uliachwa wiki nyingi. Halafu mtu akauchana kwa mkono."

Mwanangu alikuwa amelowa mpaka mabegani. Alikuwa amechoka, na alikuwa amewapenda wale samaki kuliko alivyotaka tujue. "Baba," alisema, "ni wewe unayeukata. Hakuna mwingine anayeugusa. Kila Jumamosi nakuona."

Mzee alimtazama. Niliona ule uso ukianza kuondoka. Ulijaribu kukaa, haukuweza. Alitazama mikono yake, akaigeuza upande na upande.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Si kosa lako, baba. Ni ugonjwa."

"Nimewaua mimi?"

"Ni mimi," nikasema.

Wote wawili walinigeukia. Niliyasema yote palepale, na upawa mkononi. Kwamba wiki tano alikuwa anakata sivyo, nami nilijua na nikanyamaza. Kwamba jana nilitia mikono yangu. Kwamba mkasi sikuuona, nikavuta. Nilizungumza haraka haraka, nikimtazama mzee tu, kwa sababu yeye ndiye niliyetaka anisikie. Nilitaka anigombeze. Nilitaka anitoe darasani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kwa heshima kubwa. Kisha akamgeukia mwanetu.

"Huyu mama ana moyo mwema sana," alisema. "Ananitetea, na wala hatujuani."

Akarudi chumbani, anatembea ameshika ukuta.

Tulibaki tumesimama kwenye maji. Mwanangu alisema, "Wiki tano, mama? Si ungeniambia?"

"Ningekwambia, ungelitoa."

Alifikiri. Hajawahi kuwa mtoto wa kudanganya. "Ningelitoa," alisema.

Mkwe wangu alikuwa anakamua tambara dirishani, ametupa mgongo. "Mimi ndiye niliyetoa takataka jana jioni," alisema. "Mfuko ulikuwa unavuja kijani. Nilijua, mama. Nilidhani nikinyamaza nakusaidia."

Jumapili walimwaga maji ndoo kwa ndoo. Mzee alisaidia kubeba. Alibeba vizuri, bila kumwaga hata tone, akidhani yuko kazini na kwamba shule inafungwa. Kioo walikichukua watu wawili, wakakishusha ngazi wakibishana nani ashike wapi. Ukutani palibaki alama ndefu ya rangi iliyokuwa haijafifia.

Nilidhani atasahau. Ndiyo faraja niliyojiwekea: ugonjwa uliochukua kila kitu utachukua na hili. Ulichukua nusu. Tangi alilisahau siku ya pili. Samaki aliwasahau, Karani na Maharusi na wote. Kilichobaki kilikuwa kwamba ameua. Hakujua ameua nini, wala wapi, ila aliamka na kosa lile kifuani kama mtu anayeamka na kikohozi.

Akakataa chakula. Siku ya kwanza tulisema ni huzuni. Siku ya pili mkwe wangu alimletea uji wenye maziwa, akausukuma taratibu. "Samahani, binti. Mtu aliyeua hali katika nyumba za watu." Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, na ulimi umekauka. Daktari alimwambia mwanangu kwa simu kwamba asipokula mpaka kesho, wamlete atundikiwe maji.

Nilikaa naye chumbani, nimeshika bakuli. Nilikuwa nimeshamweleza mara tano, mara kumi, kwamba ni mimi. Kila mara alinishukuru.

"Mama," aliniita mchana ule. "Wale waliokufa, walikuwa wa nani?"

Nilitaka kusema walikuwa wako. Niliona hilo litamzidishia.

"Walikuwa wangu," nikasema.

Alijiinua kwa kiwiko. Alijaribu kuteremka kitandani apige magoti, nikamzuia, akaishika mikono yangu yote miwili, hii hii mikono, akaiinamia.

"Basi nisamehe, mama. Sikukusudia. Kazi yangu nilikuwa naijua."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe. Akatikisa kichwa. Nilimwambia tena kwamba ni mimi niliyekosa, kwamba yeye ndiye angenisamehe. Akazidi kutikisa kichwa, machozi yakamdondokea kwenye mashavu yaliyonyolewa vibaya. Nikaona kwamba nikiendelea kuushikilia ukweli wangu, nitamzika nao. Lakini nikimsamehe, basi nimemwachia mzigo wangu aubebe, na hakuna siku tena atakayonielewa nikitaka kuuchukua.

Uji ulikuwa unapoa. Utando ulikuwa umeshaanza kushika juu.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

"Kwa moyo wote?"

"Kwa moyo wote."

Alishusha pumzi ndefu, akaegemea mto, akafungua mdomo kama mtoto. Nikamlisha kijiko cha kwanza. Akameza. Nikamlisha cha pili. Aliumaliza uji wote, akajifuta, akaniuliza kama kwetu ni mbali, na kama nimepata mtu wa kunisindikiza.